Lugha ya nyanya yako inafia sebuleni kwenu

Umewahi kucheka kwa kuchelewa?

Uko ushago, pengine kwa harusi au mazishi. Mzee mmoja anasimama, anashika maikrofoni na kusimulia kisa kwa lugha ya kwenu. Watu wote chini ya hema wanaangua kicheko. Wewe unamgeukia binamu yako. Anakutafsiria haraka haraka sikioni, na kufikia hapo utamu wote umeshamwagika njiani. Basi unacheka, sekunde tano baada ya kila mtu.

Mimi ni bingwa wa kicheko hicho. Nimezaliwa Nairobi na kulelewa Umoja. Susu yangu, yaani nyanya mzaa mama, anaishi Makueni. Kila mtu husema Kikamba chake ni kitamu. Mimi huwa naamini tu, kama mtu anayesifiwa pilau asiyoionja. Kwa miaka mingi mazungumzo yetu ya simu yalikuwa mafupi: ananisalimu, najibu "Nĩ nesa," kisha nampa mama simu.

Utaniuliza, kwani shida iko wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6. Kikamba kiko redioni, kiko kanisani, kiko kwenye benga inayopigwa ndani ya matatu za Machakos. Hakiendi popote hicho.

Ni kweli. Lakini sebuleni kwetu kilikufa zamani. Na nilipoanza kusoma jinsi lugha zinavyotoweka duniani, niligundua kwamba nyingi hufa hivyo hivyo: nyumba moja baada ya nyingine, wenyewe wakiwa hai, wazima na wanakula vizuri.

Uliza umri wa mdogo kabisa

Duniani kuna lugha takriban 7,000. Zaidi ya nusu ya binadamu wote wanazungumza lugha zisizofika 25. Hizo nyingine, maelfu kwa maelfu, zinagawana watu waliobaki. Mwaka 1992 mwanaisimu Mmarekani Michael Krauss alionya kwamba huenda asilimia 90 ya lugha za dunia zikafa, au zikawa mahututi, kabla ya karne hii kwisha. Umoja wa Mataifa nao umeitenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za kiasili.

Kuna lugha zilizokufa pamoja na watu wake. Huko Marekani na Australia, vita, mauaji na maradhi yaliyoletwa na walowezi yalifuta jamii nzima nzima. Lakini mara nyingi watu hubaki na lugha ndiyo huondoka.

Ndiyo maana wataalamu hawatosheki na kuuliza lugha ina wazungumzaji wangapi. Wanauliza: mdogo kabisa anayeizungumza ana miaka mingapi? Lugha ya watu 2,000 ambayo kila mtoto anaililia na kuichezea iko salama kuliko lugha ya watu laki moja ambao wote wana mvi. Siku wazazi wanapoacha kumsemesha mtoto kwa lugha hiyo, saa imeanza kuhesabu.

Swali ni kwa nini mzazi anayempenda mtoto wake afanye hivyo.

Mahari ya mizinga ya nyuki

Twende Laikipia, kwenye msitu wa Mukogodo. Huko kuna watu wanaoitwa Wayaaku. Miaka mia moja na ushei iliyopita waliishi kwa kuwinda na kurina asali, na makao yao yalikuwa mapango. Walizungumza Kiyaaku, lugha ya jamii ya Kikushi ambayo haina undugu wa karibu na Kimaa cha majirani zao. Kijana akitaka kuoa, alilipa mahari kwa mizinga ya nyuki.

Kisha mkoloni akatwaa nyanda za Laikipia kuwapa masetla. Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai wakahamishwa kupelekwa kusini, na jamii nyingine ndogo za wafugaji wanaozungumza Kimaa zikajikuta zimebanwa kule Mukogodo. Wakawa majirani wa karibu na Wayaaku, wakaanza kuoana.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Mkwe mfugaji hataki mizinga, anataka mifugo. Binti wa Kiyaaku akiolewa na wafugaji, baba yake anapata mifugo. Basi hata baba wa Kiyaaku akaona, kwa nini nipokee mizinga? Vijana waliokuwa na nyuki pekee wakachelewa kuoa, na aliyetaka mke ikabidi atafute mbuzi na ng'ombe kwanza.

Juu ya hayo kulikuwa na jina. Wafugaji waliwaita wawindaji Wadorobo, yaani watu wasio na ng'ombe, na jina hilo lilibeba dharau. Lakini lilikuwa jina unaloweza kulivua. Fuga, vaa kama mfugaji, zungumza Kimaa, na baada ya muda hakuna atakayekuita hivyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wayaaku wakahamia ufugaji, na watoto wakalelewa kwa Kimaa.

Kimaa si lugha maskini. Ukitaka kueleza rangi na mabaka ya ng'ombe, hutakwama. Lakini Kiyaaku kilikuwa kimejengwa msituni, kwa maneno ya nyuki, asali, mizinga na wanyama wa kuwindwa. Maneno hayo hayakumfaa tena mtu aliyekuwa akijitahidi watu wasahau kwamba babu yake aliwinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wayaaku wenyewe walipoanza kuitafuta lugha yao, waliwakuta wazee wachache mno wanaoikumbuka.

Angalia vizuri kisa hiki. Hakuna aliyewachapa viboko ili waache Kiyaaku. Walitaka kuoa, walitaka kula na walitaka kuheshimiwa. Wewe ungefanyaje?

Mfano huo hauko Laikipia peke yake. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, sensa ya 2019 ilihesabu Waelmolo 1,104. Ni wavuvi wenye historia yao, lakini lugha yao ya siku zote sasa ni Kisamburu. Katika Ziwa Victoria, Wasuba wa Rusinga na Mfangano wamehamia Dholuo kwa njia ya ndoa, biashara, kanisa na shule. Tom Mboya alitoka katika familia ya Kisuba, ingawa wengi humjua kama Mluo tu. Watu wamo, lugha imehama.

Watoto tisa

Sasa tuvuke bahari hadi Alaska, Marekani. Januari 2008, mjini Anchorage, alifariki bibi mmoja aliyeitwa Marie Smith Jones, akiwa na miaka 89. Alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyepata Kieyak, lugha ya watu wa mdomo wa mto Copper, kutoka kwa wazazi wake.

Marie alizaa watoto tisa. Hakuna hata mmoja aliyezungumza Kieyak.

Usikimbilie kumlaumu. Alikua wakati ambapo viwanda vya samaki vilikuwa vimeleta wageni, pombe na maradhi, na kuzungumza chochote kisichokuwa Kiingereza kulionekana aibu. Alitaka watoto wake wasiteseke. Hatimaye akaona alichopoteza, akaketi na yule yule Michael Krauss kuandaa kamusi na sarufi ya lugha yake. Baadaye kijana mmoja Mfaransa, ambaye hakuwa hata na ukoo Alaska, akajifunza Kieyak kutokana na kumbukumbu hizo.

Fikiria hilo kidogo. Mfaransa anajua lugha ya mama yako, wewe huijui.

Diski

Aibu haiji yenyewe, hufunzwa. Wales, katika karne ya 19, mtoto aliyezungumza Kiwelisi shuleni alivikwa kibao shingoni. Kibao kilihama kutoka mtoto hadi mtoto, na aliyebaki nacho mwisho ndiye aliyeadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi hayo hayo yalivyofanyika Kenya ya ukoloni: mtoto aliyekamatwa na Gĩkũyũ mdomoni alichapwa, au alitundikwa bati lenye maandishi ya kumwita mjinga.

Ukidhani ni hadithi za kale, waulize wenzako waliosoma miaka ya juzi. Shuleni kwetu, hapa hapa Nairobi, ilikuwa kipande cha mbao chenye tundu na kamba. Tuliiita diski. Asubuhi kiranja anampa wa kwanza, naye anatega sikio. Ukiteleza ukasema "nipe mpira" badala ya Kiingereza, diski ni yako. Jioni mwenye diski anataja aliyempa, naye anataja aliyempa, na msururu mzima unakwenda kuosha vyoo.

Mimi niliosha sana. Na kosa langu wala halikuwa Kikamba, maana sikukijua. Lilikuwa Kiswahili.

Diski inamfanya mtoto kuwa polisi wa rafiki yake, na inamfunza kwamba sauti anayoisikia jikoni kwao ni kosa. Baada ya miaka 20 mtoto huyo ni mzazi. Hahitaji tena mbao shingoni, ataikataza lugha mwenyewe.

Jibu la mama

Mwaka jana nilimuuliza mama kwa nini hakunifunza Kikamba. Niliuliza kwa hasira kidogo, kama mtu anayedai urithi wake. Alikuwa anakata sukuma. Hakuinua kichwa.

"Ulikuwa na miaka sita ile 2008," akasema. "Watu walikuwa wanasimamishwa barabarani wanaulizwa wewe ni wa wapi. Nikasema huyu wangu, mtu akimsikia akiongea, asijue anatoka wapi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za kazi na Kiingereza, na hizo pia alizitaja baadaye. Lakini hofu sikuitarajia.

Ukiweka pamoja tumbo, aibu na hofu, utaelewa kwa nini sebule nyingi za Umoja, Kayole, Nyali na Milimani zimenyamaza kwa lugha za nyanya. Mji wenyewe unamalizia kazi. Baba ni wa huku, mama ni wa kule, jirani ni wa kwingine, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote kwenye ngazi. Mtoto akitoka nje anaokota Sheng, na Sheng haina makosa. Ni lugha yenye uhai, imezaliwa na vijana wa Eastlands na inakopa kutoka kote. Ila Sheng haitakusaidia kumwelewa susu.

Hata Kiswahili kina meno

Tuseme ukweli wetu pia. Kule pwani, upande wa Lamu na Tana River, kuna Wadahalo. Wanaozungumza Kidahalo ni mia chache tu. Katika baadhi ya maneno yao kuna sauti ambayo huipati kwa urahisi Afrika Mashariki: ulimi unabanwa nyuma ya meno kisha unavutwa ghafla, ukatoa mlio. Ni sauti za aina ile ile zinazosikika katika lugha za kusini mwa Afrika, na zimedumu hapa Kenya kwa muda usiojulikana.

Lugha inayokimeza Kidahalo ni Kiswahili. Ni hiki hiki ninachokuandikia, hiki hiki kilichonioshesha vyoo. Lugha inayoonewa na Kiingereza shuleni huweza kuwa simba kwa lugha ndogo iliyo jirani yake. Kila lugha kubwa ina mtu inayemtafuna mahali fulani, na sisi tunaoipenda tunafaa kulijua hilo.

Najua hoja iliyo midomoni mwa wengi: lakini si hizi lugha ndizo zinazotuletea ukabila? Nenda Gikomba asubuhi umsikilize mama mboga mmoja. Kwa mteja wa kwanza ni Gĩkũyũ, kwa wa pili ni Kiswahili, na kwa fundi wa viatu anamtania kwa Dholuo cha kubahatisha. Hajawahi kumchukia mtu kwa sababu ya lugha. Anauza. Kichwa cha mtoto kinabeba lugha mbili tatu bila kupasuka, na kujua ya kwenu hakukunyang'anyi Kiingereza.

Kiota cha lugha

Je, lugha ikianza kuanguka inaweza kuinuka? Inaweza, ila haiji kwa bahati.

Wamaori wa New Zealand walipitia tuliyopitia. Sheria ya mwaka 1867 iliagiza shule zao zifunze kwa Kiingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana walifurika mijini kutafuta kazi, na wazazi wa mijini wakawalea watoto kwa Kiingereza ili wafaulu. Kufikia miaka ya 1970 waliokijua Kimaori vizuri wengi wao walikuwa wazee. Kizazi cha katikati kilikuwa kimekatika.

Mwaka 1982 wakafungua kōhanga reo ya kwanza, yaani kiota cha lugha. Wazo lenyewe ni rahisi. Watoto wa chini ya miaka sita wanakaa na watu wa umri wa nyanya na babu zao, na ndani ya nyumba hiyo hakuna lugha nyingine. Wanakula, wanaimba, wanagombezwa na kulala kwa Kimaori. Kizazi kilichokatika kikarukwa. Ndani ya miaka michache viota vilikuwa mamia, na mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi. Bado kina safari ndefu, lakini leo kuna wazazi vijana wanaokizungumza na watoto wao kwa sababu walikipata kiotani.

Kumbuka nani walianza. Walioanza ni jamii zenyewe, kwa pesa kidogo, ndani ya nyumba za kawaida na kumbi zao za mikutano.

Kwetu sheria haikosekani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya, na mtaala wa umilisi unatoa nafasi ya lugha za kiasili kwenye Gredi ya 1 hadi 3. Lakini wazazi wa mijini tunajuana. Tunaipenda shule inayomrudisha mtoto nyumbani na Kiingereza ifikapo muhula wa pili.

Sasa ni wewe

Pengine una miaka 20 au 25. Hujazaa bado, au una mtoto mdogo. Nyanya yako bado yuko hai, au kuna shangazi aliyebaki. Wewe ndiye pingu la katikati ya mnyororo huu. Ukikatika wewe, hakuna wa kukuruka isipokuwa watu wakujengee kiota kama Wamaori.

Anza na dakika kumi za simu kwa wiki. Mwombe nyanya ruhusa umrekodi akisimulia jinsi alivyoolewa, majina ya miti iliyo nyuma ya nyumba, alivyopika zamani. Simu yako ina nafasi, futa video mbili tatu za kuchekesha. Chagua mlo mmoja nyumbani ambao unaliwa kwa lugha ya kwenu tu, hata kama mwanzoni mnakula kimya kimya.

Na ninyi mliokulia ushago, nina ombi. Mtoto wa mjini akijaribu, msimcheke kwa dharau. Mara ya kwanza nilipojaribu Kikamba mbele ya binamu zangu waliniiga jioni nzima, nikafunga mdomo kwa miaka mitatu. Diski ilinifunza aibu ya kuzungumza Kiswahili, na binamu zangu wakanifunza aibu ya kuzungumza Kikamba. Sikubakiwa na mahali pa kujaribia.

Sasa najaribu tena, kila Jumapili saa kumi, bila mama kushika simu. Jumapili iliyopita nilitaka kumwambia susu kwamba nimechoka na kazi. Kumbe nimesema kitu kingine kabisa, ambacho mhariri hataniruhusu kukiandika hapa. Susu alicheka hadi akakohoa. Nikamuuliza, kwa Kikamba changu hicho hicho kibovu, nimesema nini. Akanieleza polepole, neno kwa neno, bila mtu wa kututafsiria.

Nikaelewa. Nikacheka naye, kwa wakati.